Amplifaya ya Marehemu Rafiki: Namna ya Kuirithi kwa Haki na Kuitumia kwa Salama

Mazungumzo yetu ya leo yahusu chombo ambacho vijana wengi hawajapata kukiona, nacho ni amplifaya ya valvu, yaani chombo cha kukuza sauti kitumiacho chupa za kioo zenye moto ndani, mahali pa vile vipande vidogo vya transista mnavyovikuta katika redio za leo. Tumeichagua habari hii kwa sababu wilayani Biharamulo, na kwa jirani zetu wa Ngara, wamo wazee waliojifunza ufundi wa redio zamani za valvu. Mmoja wao akifa, vyombo vyake hubaki nyumbani kwa mjane na watoto. Asiyejua thamani yake huviuza kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Asiyejua hatari yake huvichomeka katika umeme, naye aweza kupoteza maisha yake. Yafaa basi tujue mambo mawili: kwanza, chombo kama hiki hupokewaje kwa haki, pili, hutumiwaje pasipo kuleta msiba wa pili nyumbani.

Sisi tuliachiwa amplifaya ya namna hii na rafiki yetu, fundi wa redio wa mjini Biharamulo. Ni sanduku la bati lililo zito kuliko ukubwa wake. Juu yake zimesimama chupa tano za kioo, na nyuma ya chupa kuna transfoma mbili nyeusi. Aliiunda kwa mikono yake mwenyewe, akifuata mchoro wa kampuni ya Mullard ya Uingereza uliotolewa mwaka 1954. Mchoro ule waitwa 5-10, maana yake valvu 5 na nguvu ya wati 10.

HAKI YA URITHI

Rafiki si mrithi. Hata mkiwa mlikula sahani moja miaka arobaini, sheria haikutazami kama mtoto wa marehemu wala kama ndugu yake. Kwa hiyo mtu asemaye, "Mwenzangu aliniambia chombo hiki ni changu," na hana shahidi, ana neno tupu. Mara nyingi ugomvi wa mirathi hauanzi kwa shamba wala kwa nyumba, bali huanza kwa kitu kidogo kilichotoka mlangoni usiku wa matanga, pasipo mtu kuulizwa.

Sheria ya mila iliyotangazwa Tanzania mwaka 1963 yaeleza wosia wa namna mbili. Wosia wa mdomo hutaka mashahidi wasiopungua 4, nao wawili wawe wa ukoo na wawili watu baki. Wosia wa maandishi, ikiwa mwenyewe ajua kusoma na kuandika, hutaka mashahidi wasiopungua 2, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki, nao wawe wanajua kusoma na kuandika. Ikiwa mwenyewe hajui kusoma, mashahidi hao ni 4. Kwa Mwislamu, wosia kwa mtu asiye mrithi waruhusiwa, lakini usizidi thuluthi ya mali iliyobaki baada ya gharama za mazishi na madeni. Na pasipo wosia, mali yote huwa chini ya msimamizi wa mirathi aliyewekwa na mahakama. Mahakama ya mwanzo yaweza kumweka. Rafiki hana ruhusa ya kuchukua hata bisibisi kabla ya msimamizi huyo kusema.

Rafiki yetu aliandika. Kaka yake alitia sahihi, na jirani akatia yake. Hata hivyo hatukwenda kuchukua kitu mpaka matanga yakaisha na ukoo ukakutana. Karatasi ikasomwa mbele ya wote, kisha mjane akatuambia, "Shemeji, mwenzio alikuandikia hiki. Kichukue, ila usije ukakiuza kwa watu wa chuma chakavu." Tukamjibu, "Ahsante, shemeji. Hakiuzwi. Na watoto wakitaka kusikia kazi ya baba yao, mlango u wazi." Tukaandika kwamba tumepokea, mkubwa wa ukoo akabaki na nakala moja, na sisi nyingine. Kazi hiyo haikuchukua nusu saa, nayo imelinda udugu mpaka leo.

ASILI YA VALVU

Valvu ya kwanza ilitengenezwa mwaka 1904 na mtaalamu Mwingereza, John Ambrose Fleming. Ilikuwa na ncha mbili tu, ikapitisha umeme kwa upande mmoja kama mlango usiofunguka kwa nje. Mwaka 1906 Mmarekani Lee de Forest akatia waya wa tatu katikati ya zile ncha mbili, na kwa waya huo ikawezekana sauti dogo kufanywa kubwa.

Utangazaji wa redio ulipoanza Nairobi mwaka 1928, na Dar es Salaam mwaka 1951, mitambo na redio za watu zilitegemea valvu. Mwaka 1949 huko Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, ilianza kuuzwa redio ya betri iliyokusudiwa watu wa kawaida, umbo lake kama sufuria na bei yake pauni 5. Ndani yake mlikuwa na valvu. Transista ilivumbuliwa Marekani, katika maabara ya Bell, mwezi wa Desemba 1947, na redio ya kwanza ya transista iliuzwa madukani huko mwaka 1954, mwaka ule ule wa mchoro wa Mullard. Hivyo amplifaya ya rafiki yetu ni ya ufundi uliofika kileleni wakati mrithi wake alipokuwa amekwisha kuzaliwa.

NAMNA INAVYOFANYA KAZI

Ndani ya chupa ya valvu hamna hewa; imevutwa yote ikatolewa. Katikati mna kikanza, yaani uzi mdogo uwakao mwekundu kwa umeme wa volti 6.3. Kikanza hupasha moto mrija mdogo uuzungukao, uitwao kathodi. Kathodi ikiisha kupata moto hutoa chembe ndogo mno za umeme ziitwazo elektroni. Kwa mbali kidogo kuna bamba liitwalo anodi, lenye umeme wa volti 300 hivi, nalo huzivuta zile chembe kwa nguvu. Katikati ya kathodi na anodi umewekwa ule waya wa tatu, uliosokotwa mfano wa chekeche, nao huitwa gridi.

Sasa fikirini mfereji wa maji ya kunyweshea shamba, wenye kilango cha ubao. Mtoto mdogo aweza kukiinua kilango kwa vidole viwili, na maji mengi yakaenda kwa kishindo. Akikishusha, maji hupungua. Nguvu ya maji haikutoka kwa mtoto, imetoka mlimani; mtoto ameamuru tu. Gridi ndiyo kilango. Sauti ndogo itokayo kwenye redio huitikisa gridi, na ule umeme mkubwa upitao katika valvu hufuata mtikiso huo huo, ukapanda na kushuka kwa mfano wa sauti yenyewe. Ndiyo maana twasema sauti imekuzwa.

Katika amplifaya hii valvu ya kwanza, iitwayo EF86, hupokea sauti ikiwa dhaifu na kuikuza. Ya pili, ECC83, huigawa sauti iwe mbili zilizo kinyume: moja ikipanda, nyingine hushuka. Kisha valvu mbili za namna moja, ziitwazo EL84, hufanya kazi nzito kwa zamu. Mmewaona wapasua mbao wakitumia msumeno mrefu, mmoja juu ya gogo na mmoja chini. Huyu avutapo yule hulegeza, na yule avutapo huyu hulegeza, wala msumeno haukwami. EL84 mbili hufanya vivyo hivyo. Valvu ya tano, EZ81, haikuzi sauti kamwe. Kazi yake ni kugeuza umeme wa ukutani, uendao mbele na kurudi nyuma, uwe umeme uendao upande mmoja.

Mwisho wa safari iko transfoma ya pili. Valvu zina volti nyingi na mkondo mdogo, lakini spika hutaka volti chache na mkondo mkubwa. Transfoma huwa kama mwenye duka avunjaye noti kubwa kuwa sarafu nyingi: thamani ni ile ile, ila sasa yaweza kutumika. Kwa hiyo tafadhalini, msiwashe amplifaya ya valvu pasipo kuunga spika. Umeme ukikosa pa kwenda hupanda ndani ya transfoma, ukapasua vihami vya waya, na transfoma kama hiyo ni kazi kubwa kuipata tena.

HATARI ILIYOMO

Yasikilizeni haya kwa makini. Chini ya sanduku mna umeme wa volti 300 na zaidi. Umeme huo waweza kumuua mtu, naye si lazima awe mtoto. Tena jambo liwadanganyalo wengi ni hili: kuchomoa waya ukutani hakumalizi hatari. Ndani mna vyombo viitwavyo kapasita, ambavyo ni kama mitungi ya umeme. Mto ukikauka mtungi hubaki na maji; vivyo hivyo kapasita yaweza kubaki na umeme wake baada ya swichi kuzimwa.

Fundi ajuaye kazi yake huchomoa waya kwanza, akangoja, kisha humwaga umeme wa kapasita polepole kwa rezista ya omu 10,000 iliyofungwa katika waya wenye kihami kizuri. Hesabu yake ni rahisi, wanafunzi waweza kuifanya. Kapasita ya maikrofaradi 50, ikizidishwa kwa omu 10,000, hutoa nusu ya sekunde. Baada ya muda huo mara tano, yaani sekunde mbili na nusu, umeme uliobaki haufiki sehemu moja katika mia. Lakini fundi haamini hesabu peke yake: hupima kwa mita kabla ya kugusa, na mkono mmoja huuweka nyuma au mfukoni, ili umeme usipate njia ya kupita kifuani kutoka mkono hata mkono. Kutia bisibisi katikati ili kapasita ipige cheche si ufundi. Huharibu kapasita na huweza kurusha chuma cha moto machoni.

Asiye fundi asifungue kabisa. Na mahali penye watoto, sanduku likae juu, chupa zake zikifunikwa kwa wavu wa chuma, kwa sababu kioo cha EL84 huwa na moto wa kuunguza vidole.

KUIAMSHA BAADA YA USINGIZI

Amplifaya iliyokaa miaka mingi pasipo kuwashwa isichomekwe ghafla. Kapasita zake hukauka ndani, na za karatasi hunyonya unyevu wa masika. Fundi huzitazama kwanza zile za karatasi zilizo katikati ya ECC83 na EL84. Kazi yao ni kupitisha sauti na kuzuia volti nyingi zisifike kwenye gridi. Zikivuja, gridi hupoteza amri, umeme hupita valvuni pasipo kiasi, na anodi huwa nyekundu kama chuma cha mhunzi. Mkiona wekundu huo katika bamba la nje la valvu, zimeni mara moja. Wekundu mdogo wa kikanza katikati ni wa kawaida. Wa anodi ni kilio.

Baada ya kubadili kapasita zilizochoka, fundi hutazama waya wa umeme. Vyombo vingi vya kale vilikuwa na waya wenye nyuzi mbili. Yafaa uwekwe wenye nyuzi tatu, na uzi wa tatu uungwe na bati la sanduku, uende ardhini. Hapo shoti ikitokea fyuzi hukatika, wala bati halingoji mkono wa mtu. Fyuzi nayo iwe ya kipimo kilichoandikwa. Kuweka uzi wa waya mahali pa fyuzi ni kumfukuza mlinzi na kuuacha mlango wazi.

Kisha huwashwa mara ya kwanza kwa njia ya globu ya kale yenye uzi, ya wati 100, iliyounganishwa katika njia ya umeme kabla ya amplifaya. Globu ikiwaka kwa nguvu kisha ikafifia, ni dalili njema. Ikiendelea kuwaka kwa nguvu zake zote, ndani kuna shoti, nayo globu imeuchukua umeme ambao ungaliunguza transfoma. Globu za kisasa za LED hazifai kwa kazi hii.

UMEME WA KUITUMIA

Umeme wa nyumbani Tanzania ni wa volti 230 na hezi 50. Amplifaya nyingi za Uingereza zina mahali pa kuchagua volti kati ya 200 na 250. Chagueni ile iliyo karibu zaidi na 230, wala isiwe ya chini sana. Chombo kilichoandikwa volti 117 ni cha Marekani, nacho hakitumiki kwetu pasipo transfoma ya kushusha umeme.

Amplifaya ya namna hii hula wati 60 hivi, sauti iwe kubwa au ndogo, kwa sababu vikanza huwaka wakati wote. Kuitumia saa 4 kila jioni ni wati-saa 240, yaani karibu robo ya uniti moja. Redio ndogo ya transista haili hata sehemu moja katika ishirini ya hizo. Twayasema haya ili mtu asidhani ya kale yana faida katika kila jambo.

Siku hizi kwenye maporomoko ya Rusumo, mpakani mwa Ngara na Rwanda, kuna mtambo wa umeme wa megawati 80 ambao nchi tatu, Tanzania, Rwanda na Burundi, hushirikiana. Lakini ziko nyumba zitumiazo jua. Kwa betri ya volti 12, wati 60 ni mkondo wa ampea 5, na kwa sababu kigeuza umeme nacho hula sehemu yake, hesabuni ampea 6. Saa 4 zitakula ampea-saa 24. Betri ndogo ya pikipiki haiwezi mzigo huo. Tena kigeuza umeme cha bei nafuu, kisichotoa wimbi laini, huitia transfoma moto na spika mngurumo.

FAIDA YAKE

Mtu atauliza, basi kwa nini taabu yote hii? Twajibu kwamba wati 10 zikiungwa na spika njema zatosha darasa zima kusikia habari au somo pasipo mtu kusogeza sikio. Valvu za namna hii bado zinatengenezwa Slovakia, Urusi na China, kwa hiyo chombo hakijafa. Tena kila kipande kinaonekana kwa macho: mwanafunzi huona kikanza kikiwaka, huona njia ya sauti kutoka valvu hata valvu. Katika transista iliyofichwa ndani ya kijiwe cheusi haoni kitu.

Na sauti ya redio si jambo dogo katika nchi hii. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu zaidi ya laki mbili walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja hivi, wakaingia Ngara. Mwaka 1995 shirika la Wajesuiti la kuwahudumia wakimbizi lilianzisha Radio Kwizera huko Ngara, na jina lile lina maana ya matumaini. Kwa mtu aliyekimbia na mzigo kichwani, kusikia habari ya kweli ni karibu na kupata chakula.

DAFTARI

Pamoja na sanduku tulipewa daftari la shule lenye jalada lililochakaa. Rafiki yetu aliandika humo kila valvu na volti zake alizozipima siku chombo kilipokuwa kizima: anodi kiasi gani, kathodi kiasi gani, kapasita ipi ilibadilishwa na mwaka gani. Kwa daftari hilo fundi kijana apimaye leo hujua mara moja penye ugonjwa. Pasipo daftari angalianza kubahatisha, na mwenye kubahatisha katika volti 300 hubahatisha roho yake.

Basi twawaomba mafundi mlio hai, muwe wa redio, wa cherehani au wa mashine za kusaga: andikeni. Andikeni chombo ki namna gani, kinatengenezwaje, kina hatari gani, na baada yenu kiwe cha nani. Kisha mashahidi watie sahihi. Nanyi vijana, mkiachiwa chombo na mzee, ombeni na daftari lake. Na kama hana daftari, kaeni naye na kalamu angali yupo. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.